Jinsi ya kuitambua seli ya prokariota na kuitofautisha na ya yukariota

Darasani tofauti hizi hufundishwa kwa jedwali la safu mbili: huku kuna kiini, kule hakuna, huku kuna mitokondria, kule hakuna, na kuendelea hivyo mpaka ukurasa unajaa. Jedwali hilo humfaa mtu usiku wa kuamkia mtihani, kisha hutoka kichwani kwa sababu kila mstari umesimama peke yake. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unaanza na swali moja, kama DNA ya seli imezungushiwa utando wake (yukariota, kama mimea na wanyama) au la (prokariota, kama bakteria), kisha unafuatilia tofauti nyingine zinavyohusiana na jibu lake. Ukizifuata hatua hizi kwa mpangilio utaweza kuchukua picha ya seli usiyoijua, ukasema ni ya kundi gani na ukaeleza kwa nini.

Andaa penseli, karatasi, rula na picha chache za seli zilizopigwa kwa hadubini ya elektroni. Vitabu vya biolojia vya sekondari huwa nazo. Hadubini ya kawaida ya maabara ikipatikana, hatua ya pili na ya nne zitakuwa na ladha zaidi.

Kabla ya yote: chora yanayofanana

Chora duara mbili, moja ndogo na moja kubwa. Ndani ya kila moja weka vitu vinne: utando wa seli, sitoplazimu (ute unaojaza seli), DNA na ribosomu (mashine ndogo za kuunda protini). Vyote vinne vimo katika makundi yote mawili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari ni mtu kuandika kwamba prokariota hawana DNA. Wanayo, na wanaisoma kwa kanuni zilezile tunazotumia sisi, isipokuwa tofauti ndogondogo hapa na pale. Ndiyo maana jeni ya binadamu ya kutengeneza insulini iliweza kuwekwa ndani ya bakteria Escherichia coli na bakteria akaitengeneza. Insulini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kwa matibabu ya kisukari.

Hatua ya 1: Tafuta mpaka unaoizunguka DNA

Shika picha ya hadubini ya elektroni. Usihangaike na DNA yenyewe. Tafuta mpaka wake. Katika seli ya yukariota utaona eneo kubwa, aghalabu la mviringo, lililozungukwa na mistari miwili inayokwenda sambamba. Hizo ni tando mbili za kiini. Ukitazama kwa makini utaona mahali ambapo mistari inakatika: ni matundu yanayopitisha molekuli zinazoingia na kutoka.

Katika seli ya prokariota mpaka huo haupo. Utaona eneo lililopauka, lisilo na umbo maalumu, na pembeni yake vidoadoa vingi vyeusi. Eneo lililopauka huitwa nukleoidi, ndipo DNA ilipokusanyika. Vidoadoa ni ribosomu.

Kukosa utando si kukosa mpangilio. DNA ya E. coli ni duara moja lenye jozi za besi (herufi za DNA) milioni 4.6 hivi, likikatwa na kunyooshwa linafika milimita moja na nusu, wakati seli nzima ina urefu wa mikromita 2 tu. Uzi huo mrefu kuliko seli mara mia kadhaa unaenea humo kwa sababu umejisokota juu ya msokoto wake na kushikiliwa na protini. Sisi pia tunakunja: DNA ya seli moja ya binadamu ina urefu wa karibu mita 2, imegawanyika katika kromosomu 46 zenye ncha, na imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni.

Vitabu vingi vinaongeza hapa kwamba prokariota ana kromosomu moja ya duara. Liandike, ila usilitumie kama kipimo cha mwisho. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, ana kromosomu mbili, na Borrelia burgdorferi, bakteria wa ugonjwa wa Lyme, ana kromosomu iliyonyooka.

Mitego ya hatua hii ni miwili. Wa kwanza ni chembe nyekundu za damu za mamalia: zikikomaa hutoa kiini chake nje, lakini zinabaki seli za yukariota, maana zimetokana na seli zenye kiini na mwili mzima ni wa yukariota. Wa pili ni kudhani kwamba kiumbe cha seli moja lazima awe prokariota. Hamira ana seli moja na ana kiini. Amiba vilevile. Hata Plasmodium, kimelea cha malaria, ni yukariota, na hilo ni mojawapo ya mambo yanayofanya dawa za malaria ziwe tofauti na dawa nyingi za bakteria.

Hatua ya 2: Pima ukubwa

Kila picha nzuri ya hadubini ina mstari mdogo wa kipimo. Upime kwa rula, kisha pima seli. Tuseme mstari una urefu wa sentimita 2 na umeandikwa mikromita 1, na seli kwenye picha ina sentimita 4. Seli hiyo ina mikromita 2. (Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita.) Prokariota wengi huangukia kati ya mikromita 0.5 na 5, na seli nyingi za yukariota kati ya 10 na 100.

Ukiwa na hadubini ya maabara unaweza kuyaona makundi yote mawili kwa tone moja. Kwa kijiti safi kwangua taratibu upande wa ndani wa shavu lako, kisha pitisha kijiti hichohicho kwenye shina la jino, penye utando laini. Paka kwenye slaidi, acha ikauke, tia tone la rangi ya bluu ya methilini kwa dakika moja, suuza, funika kwa kioo chembamba. Anza na lenzi ndogo. Utaona seli za shavu, pana na bapa, kila moja na kiini cheusi katikati. Panda hadi lenzi kubwa kuliko zote uliyo nayo: vidoti na vijiti vidogo sana vilivyotapakaa juu na kando ya seli hizo ndio bakteria. Antonie van Leeuwenhoek, Mholanzi aliyejitengenezea lenzi mwenyewe, aliwaona viumbe kama hao katika utando wa menoni na akavieleza katika barua ya mwaka 1683. Ukimaliza, slaidi na kijiti vitumbukize kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Kwa nini wawe wadogo hivyo? Chakula na hewa huingia kwa kupita utando wa nje, kisha husambaa ndani kwa kuenea tu. Chukua seli ya mviringo: eneo la uso wake ukiligawa kwa ujazo unapata 6 gawanya kwa kipenyo. Seli ya mikromita 1 inapata 6. Seli ya mikromita 20 inapata 0.3. Yaani kila kipande cha ndani cha seli kubwa kina uso mdogo mara ishirini wa kukihudumia. Seli kubwa haina budi kuwa na tando za ziada humo ndani na njia za kusafirisha vitu. Seli ndogo haihitaji.

Wapo wanaoivunja kanuni hii, na jinsi wanavyoivunja inafundisha. Thiomargarita namibiensis, bakteria aliyegunduliwa kwenye tope la bahari nje ya Namibia, anaweza kufikia milimita 0.75, anaonekana kwa macho matupu. Siri yake ni kwamba sehemu kubwa ya ndani ni mfuko wa maji yenye naitreti, na sitoplazimu hai imebaki tabaka jembamba pembeni. Mwaka 2022 alitangazwa ndugu yake, Thiomargarita magnifica, kutoka mikoko ya Guadeloupe, anayefika takriban sentimita 2. Kwa hiyo ukubwa ni dalili. Uamuzi unabaki kwa hatua ya kwanza.

Hatua ya 3: Fuata taarifa kutoka DNA hadi protini

Kwangu mimi tofauti nzito kuliko zote iko hapa, na ndiyo inayopitwa haraka zaidi darasani.

Chora DNA, uzi wa RNA unaonakiliwa kutoka kwake, na ribosomu inayosoma RNA hiyo na kuunda protini. Katika prokariota chora vyote vitatu vikiwa vimegusana. Kwa kuwa hakuna utando wa kutenganisha, ribosomu hudandia RNA ikiwa bado inanakiliwa. Kasi zenyewe zinalingana: katika E. coli inayokua vizuri RNA hurefuka kwa herufi 45 hivi kwa sekunde, na ribosomu huunganisha amino asidi (matofali ya protini) 15 hivi kwa sekunde. Kila amino asidi ni herufi tatu, basi ribosomu inakwenda mwendo wa kimeng'enya kinachonakili RNA mbele yake.

Katika yukariota chora ukuta kati ya kazi hizo mbili. RNA hunakiliwa ndani ya kiini, hukatwa vipande visivyohitajika, vinavyobaki huunganishwa, ncha zote mbili huvishwa kinga, na ndipo hupitishwa kwenye tundu kwenda kwenye ribosomu za nje. Inachukua muda zaidi. Lakini faida ipo: jeni moja inaweza kukatwa kwa namna kadhaa na kutoa protini zaidi ya moja, na kila kituo njiani ni nafasi ya kuamua kama ujumbe upite au usipite. Prokariota amechagua kasi. Akiwekewa sukari mpya huanza kutengeneza vimeng'enya vyake ndani ya dakika chache, na mara nyingi jeni za kazi moja zimepangwa foleni na kunakiliwa kwa pamoja. François Jacob na Jacques Monod walieleza mpangilio huo mwaka 1961 kwa kuchunguza jinsi E. coli inavyotumia sukari ya maziwa, laktosi.

Ribosomu zenyewe nazo zinatofautiana. Ya bakteria inaitwa 70S, yenye vipande vya 50S na 30S. Ya sitoplazimu ya yukariota ni 80S, yenye 60S na 40S. Hesabu haijakosewa. S ni kipimo cha kasi ya chembe kuzama inapozungushwa kwa nguvu katika mashine, na kasi hiyo hutegemea umbo pamoja na uzito, kwa hiyo vipande viwili vikiungana namba zao hazijumlishwi.

Tofauti hii imeokoa maisha ya watu wengi. Dawa ya tetrasaiklini hushika kipande cha 30S, ya erithromaisini hushika cha 50S. Zote husimamisha utengenezaji wa protini katika bakteria na kuziacha ribosomu zetu za 80S zikiendelea na kazi.

Hatua ya 4: Tazama ukuta, na uulize umejengwa kwa nini

Kuwapo kwa ukuta hakuamui chochote. Mimea ina ukuta wa selulosi, fangasi wana wa kitini, bakteria wengi wana wa peptidoglikani. Wanyama hawana, na Mycoplasma, ambaye ni bakteria, naye hana. Swali la kuuliza ni aina ya kitu kilichoujenga.

Peptidoglikani ni wavu wa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya amino asidi. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, huzuia vifungo hivyo visifungwe. Bakteria anayekua hupasuka kwa msukumo wa maji yanayoingia. Seli zetu hazina wavu huo, wala Mycoplasma hana, na ndiyo sababu penisilini haimdhuru.

Maabara hutumia ukuta huu kuwagawa bakteria kwa njia ya Hans Christian Gram, ya mwaka 1884. Kwa ufupi hufanywa hivi, chini ya usimamizi wa mtu aliyefunzwa: paka sampuli kwenye slaidi, ikauke, ipitishe juu ya moto mara mbili tatu ili ishike. Mwagia rangi ya zambarau, kristali violeti, kwa dakika moja; suuza. Mwagia iodini dakika moja, suuza. Kisha alkoholi kwa sekunde chache tu, mpaka matone yanayodondoka yawe safi. Hapa ndipo watu huharibu kazi: alkoholi ikizidi, hata wanaopaswa kubaki zambarau huoshwa. Malizia kwa safranini nyekundu dakika moja, suuza, kausha. Wenye ukuta mnene hubaki zambarau na huitwa Gramu chanya. Wenye ukuta mwembamba na utando mwingine juu yake hupoteza zambarau na kushika uwaridi. Hao ni Gramu hasi.

Hatua ya 5: Uliza nishati inazalishwa wapi

Katika yukariota upumuaji wa kutumia oksijeni hufanyika kwenye mitokondria, na usanisinuru kwenye kloroplasti. Prokariota hana hata kimoja, lakini kazi zote mbili anaweza kuzifanya. Vimeng'enya vya upumuaji hukaa kwenye utando wake wa seli wenyewe. Sianobakteria wana tando za ndani zilizobeba klorofili, na ndio walioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Kwa hiyo usiandike "hafanyi upumuaji wa seli". Andika mahali anapoufanyia.

Hatua ya 6: Angalia anavyogawanyika

Yukariota hunakili kromosomu zake, huzikunja, huzipanga na kuzivuta pande mbili kwa nyuzi maalumu. Prokariota hunakili duara lake la DNA kuanzia sehemu moja kuelekea pande mbili, kisha pete ya protini iitwayo FtsZ hujikaza katikati na seli inakuwa mbili.

Fanya hesabu hii. DNA ya E. coli hunakiliwa kwa kasi ya herufi 1,000 hivi kwa sekunde kila upande. Herufi milioni 4.6 zikigawanywa pande mbili, kazi inamalizika kwa takriban dakika 40. Lakini katika mazingira mazuri E. coli hugawanyika kila dakika 20. Inawezekanaje? Huanza nakala ya pili, hata ya tatu, kabla ya kwanza kwisha, hivyo kila mtoto huzaliwa na DNA ambayo imeshaanza kunakiliwa kwa ajili ya wajukuu. Kwa mwendo huo, seli moja ingezaa zaidi ya bilioni moja kwa saa 10, kama chakula kingetosha. Huwa hakitoshi.

Kugawanyika huku hakuchanganyi jeni, ila bakteria wana njia nyingine za kupata jeni mpya: kuokota DNA iliyotapakaa, kuletewa na virusi, au kupokea moja kwa moja kutoka kwa mwenzake. Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha hiyo ya mwisho mwaka 1946. Vipande vidogo vya duara viitwavyo plasmidi husafiri kwa njia hiyo, na baadhi hubeba jeni za usugu dhidi ya dawa. Usugu unaweza hata kuvuka kutoka aina moja ya bakteria kwenda nyingine.

Hatua ya 7: Wape akea nafasi yao

Mpaka hapa nimezungumza sana juu ya bakteria, lakini prokariota ni makundi mawili. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA za ribosomu na kukuta kwamba baadhi ya viumbe waliodhaniwa kuwa bakteria wako mbali nao kabisa. Ndio akea. Hawana kiini, kwa hiyo hatua ya kwanza inawaweka kwa prokariota. Ila ukuta wao hauna peptidoglikani, mafuta ya utando wao yameungwa kwa kifungo cha aina nyingine, wengi wana histoni, na mashine yao ya kunakili RNA inafanana na yetu kuliko ya bakteria. Wengine huishi kwenye chemchemi zinazochemka, wengine hutengeneza methani matumboni mwa ng'ombe, wengi sana wako tu baharini na udongoni.

Kwenye mchoro wako, basi, usiweke mstari mmoja wa kutenga "wa chini" na "wa juu". Weka matawi matatu, na tawi la yukariota liwe karibu na la akea.

Hatua ya 8: Rudi kwenye mitokondria

Chukua picha ya mitokondria na uipitishe kwenye hatua zilezile. Upana wake ni mikromita 0.5 hadi 1. Ina DNA yake, kwa kawaida ya duara, isiyo na kiini. Ribosomu zake zinafanana na za bakteria. Huongezeka kwa kugawanyika. Ina tando mbili. Lynn Margulis alichapisha hoja mwaka 1967 kwamba mitokondria na kloroplasti zilikuwa bakteria huru zilizoingia ndani ya seli nyingine zikabaki humo, na ushahidi wa DNA uliofuata umemuunga mkono. Hata madhara ya dawa yanaonyesha udugu huo: kloramfenikoli, inayolenga ribosomu za bakteria, inaweza pia kuzigusa za mitokondria zetu na kudhoofisha uboho.

Jaribu mwenyewe

Funika majibu yaliyo chini, kisha amua kundi la kila seli.

Seli A: mikromita 6, ukuta upo, DNA ndani ya tando mbili, ribosomu 80S, hakuna kloroplasti.

Seli B: mikromita 5, kijani, tando nyingi za ndani zenye klorofili, DNA haina mpaka, peptidoglikani ipo.

Seli C: mikromita 1, DNA haina mpaka, ukuta upo ila hauna peptidoglikani, histoni zipo.

A ni yukariota licha ya udogo wake; ukuta, ukubwa na kukosa kloroplasti vinaelekeza kwenye fangasi wa seli moja kama hamira. B ni sianobakteria: rangi ya kijani na tando za ndani zingekupeleka kwenye mmea, lakini DNA isiyo na mpaka na peptidoglikani vinakataa. C ni akea. Kama ulimwita bakteria kwa sababu ya hatua ya kwanza, rudia ya saba.